Kigelegele, Mali Inayohamishika

Siku ya tatu ya mafunzo, saa nne kasorobo asubuhi, chai ilikuwa haijafika na wanachama wa Kikundi cha Sanaa na Utamaduni Amkeni cha Maisaka walikuwa wamefika Sehemu ya Nne ya mchanganuo wa biashara. Walikuwa kumi na tisa, wamekalia viti vya plastiki katika ukumbi wa kukodi nyuma ya stendi ya Babati, macho yote kwenye bango kitita. Mwezeshaji, bwana mpole aitwaye Venance aliyetoka Arusha na begi la kompyuta, alikuwa akitafuta kalamu rashasha ambayo haijakauka.

Dira na dhamira ziliwachukua siku nzima ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza tofauti yake, Venance akiwemo. Kikundi kilikuwa kimecheza ngoma miaka kumi na saba bila dira na hakijapotea hata siku moja. Lakini kulikuwa na wafadhili waliotaka kuviinua vikundi vya sanaa, na wafadhili hao hawakusaidia kikundi kisicho na mchanganuo. Amkeni walitaka banda la mazoezi. Miaka yote hiyo walikuwa wakifanyia mazoezi pembeni ya shamba la mbaazi, na mvua ikinyesha ngozi za ngoma zinalegea na mazoezi yanakufa.

Sehemu ya Nne iliitwa Rasilimali za Kikundi. Katibu, Mikidadi, mwenye duka la vifaa vya ofisini kule Bagara na mwepesi wa kuandika kuliko wote, alikuwa ameshaorodhesha vitu kumi na vitatu: ngoma tatu, kila moja na namba yake, njuga, mavazi ya ngozi yenye shanga, spika inayokoroma, meza, viti, mpaka sufuria la kukandia udongo wa kujipaka. Venance alisoma orodha akakuna kidevu.

"Ni chache," alisema. "Mfadhili atauliza, hawa wana nini ambacho wengine hawana?"

"Tuna kigelegele cha Mama Jenifa," alijibu mwenyekiti, mzee Romanus.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu ilikuwa kweli. Mama Jenifa, ambaye jina lake ni Philomena, alikuwa na miaka hamsini na minane na kigelegele ambacho Babati nzima ilikijua. Akikipiga Maisaka, wavuvi ziwani waliinua vichwa na kuulizana leo ni harusi ya nani. Kilianza chini, kikapanda, na katikati kilipinda kidogo, kama mtu anayekata kona kwa baiskeli, kisha kikaendelea. Ile kona aliirithi kwa mama yake, aliyeshuka nayo kutoka milima ya Mbulu.

Mikidadi aliinua kalamu. "Nikiweke wapi? Kuna mali zinazohamishika na zisizohamishika."

Walijadiliana. Mmoja alisema kipo mwilini, kwa hiyo hakihamishiki, ni kama nyumba. Mwingine akasema mwili wenyewe unahama. Philomena mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi, na baadaye alikuja kulikumbuka neno lake mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Andika kinahamishika," alisema. "Nimeenda nacho Magugu, nimeenda nacho Dareda. Kwani nilikiacha nyumbani?"

Walimpigia makofi. Mikidadi akaandika: *14. Kigelegele. Idadi: kimoja. Hali: kizuri. Mmiliki: Kikundi.* Philomena aliliona lile neno la mwisho, likamgusa kidogo mahali fulani, lakini wakati huohuo chai iliingia na maandazi ya moto. Alisaini ukurasa wa mwisho kama wenzake, na Venance akagonga muhuri.

Jumapili iliyofuata mtoto wa jirani alipata kipaimara. Walipotoka kanisani Philomena alisogea mbele kama kawaida yake, wanawake wakampisha, akaweka kiganja juu ya mdomo na kuachia. Ulitoka upepo. Ulimi ulikuwa unacheza vizuri tu, huku na huku, lakini hakuna kilichosikika zaidi ya fuu, kama tairi linaloishiwa upepo taratibu. Alijaribu tena. Wanawake walisubiri kwa heshima, kisha mmoja wao akapiga cha kwake, chembamba, shughuli ikaendelea. Philomena alibaki amesimama na kiganja chake usoni. Kuzungumza alizungumza, kuimba aliimba, kukemea mbuzi alikemea. Kigelegele tu ndicho hakikuwepo.

Asubuhi ya Jumatatu alipanda bajaji mpaka Bagara, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mikidadi ambacho kikundi kilikiita stoo. Mtunza vifaa alikuwa Tunu, msichana wa miaka ishirini na minne, mpole, mwenye mwandiko mzuri.

"Shikamoo, Mama Jenifa."

"Marahaba. Tunu, nimekosa kigelegele changu."

"Kipo, mama. Hakijapotea." Tunu alishusha kopo la siagi kutoka kwenye rafu, kati ya njuga na spika. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa matundu matatu kwa msumari. "Nilikikuta Ijumaa nilipokuja kuhakiki vifaa, kimekaa juu ya spika. Nikakitafutia kopo kisije kikaingia vumbi."

Alifunua. Kilikuwa na ukubwa wa kitunguu kidogo, rangi ya maziwa ya mgando, na kilikuwa kikitetemeka. Tunu alikuwa amekibandikia karatasi yenye maandishi ya kalamu rashasha: AMKENI/14.

Philomena hakushangaa kukikuta pale. Katika maisha yake alishaona shamba zima la kaka yake likihama kwa karatasi moja yenye muhuri, na shamba ni zito kuliko kigelegele. Alinyoosha mkono akichukue. Ndipo Tunu alipovuta daftari, na hilo daftari ndilo lililomshtua.

"Jaza hapa kwanza, mama. Jina, namba ya kifaa, matumizi, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha."

"Kurudisha wapi?"

"Hapa."

Philomena aliishika meza. Alimtazama Tunu aone kama ni utani. Tunu hakuwa na utani. Alikuwa anatafuta kalamu.

"Na hii ni ya nini?" Philomena aliuliza, akiweka kidole kwenye safu ya mwisho. Ilisomeka *Uhusiano wa mwombaji na kifaa*.

"Katibu alinakili safu kutoka fomu ya hospitali, ile ya uhusiano na mgonjwa. Iache tu wazi kwa sasa. Ila mama, wanaruhusu shughuli za kikundi peke yake. Kwa matumizi binafsi unaandika barua siku saba kabla."

Philomena alirudi nyumbani bila kusaini. Jenifa, binti yake, alikuwa ameketi barazani anapukuchua mbaazi kwenye ungo uliokaa juu ya tumbo la miezi minane. Alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake. Mimba mbili za kwanza zilitoka kabla ya wakati, na ile ya pili ilikuwa tayari ina jina. Katika ukoo wao mtoto akitoka hospitali haingizwi ndani hivihivi. Mama yake anasimama nje ya kizingiti, bibi akiwa ndani anapiga kigelegele, na mtoto anaingia juu ya sauti ile, ajue nyumba imemwita. Jenifa aliingia hivyo. Philomena aliingia hivyo. Wale wawili hawakufika mlangoni, na kigelegele chao Philomena alikuwa amekibana kifuani miaka minne, akimtunzia huyu wa tatu.

"Wamekichukua," Philomena alisema.

Jenifa aliacha kupukuchua. "Watakirudisha lini?"

"Mimi ndiye wa kurudisha."

Alhamisi palikuwa na kikao pembeni ya shamba la mbaazi. Philomena alisimama akaomba kitu namba kumi na nne kifutwe kwenye orodha. Hakupaza sauti. Alieleza juu ya mjukuu. Alikuwa na uhakika kwamba akimaliza watu watasema kumbe, samahani mama, hatukufikiria, na mmoja atatumwa Bagara kuleta kopo.

Mikidadi alifungua katiba ya kikundi. "Kifungu cha tisa. Mali ya kikundi haitagawanywa kwa mwanachama yeyote. Mama Jenifa, hili silisemi mimi."

"Lakini ni changu."

"Ulisaini."

Kisha akasoma ujumbe wa Venance kwenye simu. Mchanganuo wa Amkeni ulikuwa umepita mchujo wa kwanza, na wafadhili walikuwa wameisifia sana rasilimali namba kumi na nne. Kuibadilisha sasa kulimaanisha kuanza upya na dira. Watu waliguna waliposikia neno dira. Romanus akaitisha kura.

Mikono kumi na saba ilipanda. Philomena aliihesabu mmoja mmoja, kwa sababu akili yake haikukubali kuihesabu kwa jumla. Aliuona mkono aliouvalisha pete ya ndoa akiwa msimamizi. Aliuona mkono aliouosha majivu siku nyumba ya mwenyewe ilipoungua. Wote walikuwa watu wema, wakitazama chini kwenye mabua ya mbaazi, na mikono yao iko juu. Tunu peke yake hakunyoosha. Alikuwa anaandika muhtasari.

Baada ya kikao Romanus alimsogelea, kofia mkononi.

"Usifikiri wewe peke yako," alisema. "Ngoma namba moja aliichonga marehemu baba yangu. Mwezi uliopita nilitaka kuipiga kwenye matanga ya shemeji. Nilijaza daftari."

"Ukapewa?"

"Matanga hayakuwa shughuli ya kikundi."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja saa ya basi, na hilo lilimshtua Philomena kuliko kura.

Alidhani mshtuko umekwisha. Wiki iliyofuata Venance alikuja kutazama mazoezi. Alieleza kwa upole, akijifuta jasho, kwamba Sehemu ya Sita ya mchanganuo ilitaja walengwa, na walengwa walikuwa vijana na wanawake wasiozidi miaka thelathini na mitano. Rasilimali kuu ya kikundi lazima ionekane mikononi mwa walengwa.

"Mama yetu atabaki mshauri," alisema. "Ni nafasi ya heshima."

Wakamwita Tunu. Tunu alifungua kopo, akakitoa kigelegele kwa vidole viwili, akakiweka chini ya ulimi kama peremende. Akafungua mdomo. Kikatoka. Kilianza chini, kikapanda, katikati kikakata ile kona, kikaendelea mpaka ng'ambo ya ziwa. Mbwa walinyamaza. Wanakikundi walifuta machozi, kwa maana walikuwa hawajakisikia zaidi ya wiki mbili, na wakampigia Tunu makofi.

Philomena aliketi kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka. Alikuwa amemsikia mama yake. Alikuwa amejisikia mwenyewe siku ya harusi yake, siku ya kipaimara cha Jenifa, na vyote vilikuwa vinatoka katikati ya meno meupe ya mtu mwingine. Alijipapasa koo kuona kama kuna kidonda. Hapakuwa na kitu.

Tunu alikuja kuchuchumaa karibu naye. "Nisamehe, mama. Kinaniunguza ulimi."

"Usikibane," Philomena alimwambia. "Kiachie nafasi kwenye kona." Kisha akashtuka kwamba tayari alikuwa anashauri.

Aliandika barua. Aliinunulia bahasha kwa Mikidadi mwenyewe. *Yah: Ombi la kutumia kigelegele kwa matumizi binafsi.* Mikidadi aliisoma akairudisha, kwa sababu haikutaja tarehe ya shughuli. Philomena alisema shughuli ni mtoto kuzaliwa. Mikidadi akasema anaelewa, yeye pia ana watoto, ila sehemu ya tarehe haiwezi kubaki wazi. Philomena akaenda kutazama kadi ya kliniki ya Jenifa, akaandika tarehe ishirini na nne. Barua ilirudi na muhuri: *Imekubaliwa. Tarehe 24, saa 4:00 hadi saa 6:00 mchana.*

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na tano, alfajiri, msichana, mzima, mwenye nywele nyingi. Philomena alilia pale wodini kwa furaha mpaka makamasi yakamtoka, na manesi wakamcheka. Jenifa aliruhusiwa tarehe kumi na saba asubuhi. Siku hiyohiyo wafadhili walikuwa wanafika Babati, na kikundi kilikuwa kinacheza uwanja wa mpira.

Philomena alipiga simu.

"Mikidadi, mtoto ameshazaliwa. Anatoka leo."

"Hongera sana, mama. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Mungu amkuze. Ila barua ni ya tarehe ishirini na nne."

"Mtoto ametangulia."

"Nimeelewa. Sasa leo kifaa kina kazi. Ile ishirini na nne bado ni yako, hakuna atakayeigusa."

Philomena alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya Mikidadi kukata. Alikuwa anamfahamu tangu akiwa kijana anauza madaftari mgongoni mwa baiskeli. Alisubiri, asijue anasubiri nini, labda arudi hewani aseme alikuwa anatania.

Bajaji ilifika saa tano na robo. Philomena alitangulia ndani kama desturi inavyotaka, akasimama upande wake wa kizingiti. Jenifa alishuka polepole, mtoto amefungwa kwenye kitenge, akaja mpaka mlangoni akasimama. Dereva wa bajaji, Sosthenes, kijana wa mtaa uleule, hakuondoka. Alizima injini kwa adabu.

Walisimama hivyo. Jua lilikuwa kali na Jenifa alikuwa ametoka kujifungua juzi. Jirani alimletea kigoda, Jenifa akakaa palepale nje, mtoto mapajani. Philomena alimwambia aingie tu, Mungu anaelewa. Jenifa alikataa kwa kutikisa kichwa. Alishaondoka hospitali mara mbili akaingia nyumba hii mikono mitupu na kimya. Hakutaka kuingia kimya mara ya tatu.

Saa sita ilipokaribia, upande wa uwanjani ngoma zilianza. Upepo ulikuwa unatoka huko. Ngoma namba moja ilisikika, ikifuatwa na njuga, ikifuatwa na spika mpya, kwa maana ile inayokoroma ilikuwa imeshabadilishwa. Na kisha kigelegele kikapanda juu ya mabati yote ya mji.

"Mama," Jenifa alisema, "ndicho hicho." Akainuka.

Philomena aliweka kiganja juu ya mdomo akaufungua. Ulimi ukacheza. Alikifuata kigelegele chake mwenyewe kutoka mbali, akapanda nacho, akakata nacho kona, hakupitwa hata pumzi moja, na mtu aliyesimama pale angeapa ni yeye. Jenifa alivuka kizingiti. Mtoto aliingia ndani.

Mtoto akageuza kichwa. Alikuwa wa siku mbili, shingo yake haijakaza, lakini alikigeuza taratibu juu ya mkono wa mama yake, akampita bibi yake usoni bila kutua, akaelekeza macho dirishani, upande wa uwanja. Philomena alifunga mdomo kabla sauti haijaisha.

Wafadhili walifurahi. Banda la mazoezi lilianza kuchimbiwa msingi mwezi huohuo, na ikakubaliwa kwamba namba kumi na nne itapelekwa Dar es Salaam kwenye maonyesho, kwa kuwa inahamishika.

Tarehe ishirini, Tunu alikuja kumwona mtoto. Alileta sukari, sabuni ya mche na kitenge kipya, akanawa mikono, akampakata vizuri, akasema paji la uso ni la bibi yake mtupu. Alikunywa chai. Alipomaliza alitoa daftari kwenye mkoba, na uso ulimwiva kwa aibu.

"Mama, katibu amesikia kwamba siku ile kilitumika hapa. Sosthenes alisimulia stendi. Anasema ni matumizi binafsi nje ya tarehe, hivyo ile barua ya ishirini na nne imeshahesabiwa kuwa imetumika. Ni kusaini tu."

Jenifa alitaka kusema kitu, Philomena akamzuia kwa mkono. Alishapata mishtuko mingi mwezi huo, na huu ulimkuta amechoka. Alichukua kalamu. Aliandika jina. Aliandika AMKENI/14. Kwenye matumizi aliandika *kumwingiza mjukuu*. Tarehe ya kuchukua, kumi na saba. Tarehe ya kurudisha, kumi na saba.

Akafika safu ya mwisho na kusimama.

"Hii niiache wazi?"

"Sasa hivi wanataka ijazwe, mama. Wafadhili walikagua daftari."

Philomena alilisoma swali tena: *Uhusiano wa mwombaji na kifaa*. Chai ilipoa, mtoto akapiga chafya, nje mbuzi akaingia kwenye mbaazi na hakuna aliyemfukuza.

"Wenzangu huwa wanaandika nini?" aliuliza.

"Mzee Romanus anaandika mwanachama."

Philomena akainama, akaandika kwa herufi kubwa ili isije ikarudishwa: MWANACHAMA.